Aliyesindikizwa

Kosa lilitendeka getini, ukoo mzima ukishuhudia, na Marivic hakusukumwa na mtu.

Rodel alikuja matangani kama mtu yeyote mwenye adabu zake. Alivua kofia, akasimama mbele ya jeneza la bibi sebuleni, akainamisha kichwa, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kunywa kahawa aliyopewa na binamu asiyemtazama usoni. Mama yake Marivic alipita na sinia la biskuti mara mbili, na mara zote mbili sinia likayaruka magoti ya Rodel likatua kwa jirani. Uchumba una miaka minne na mama huyu hajawahi kumtaja kijana kwa jina. Kwake yeye alikuwa "yule mpiga makelele" tu.

Baadaye Rodel aliinuka bila kuaga, kama inavyotakiwa, akatoka. Msibani mgeni haagwi wala hashukuriwi, na mfiwa hathubutu kumfuata hata hatua moja. Ukimsindikiza mtu kutoka nyumba yenye maiti, umempa njia ya kumfuata huyo maiti. Hili hata mtoto wa chekechea pale Marikina, Ufilipino, analijua, na Marivic alilijua vizuri kuliko wengi, maana alilelewa na bibi huyohuyo aliyelala jenezani. Lakini aliuona mgongo wa Rodel ukielekea getini, mabega yameshuka, akakumbuka kwamba Ijumaa kijana anapanda meli ya watalii kwenda kupiga gitaa mwaka mzima baharini. Moyo ukamchomoka. Alitoka mbio na kandambili zake, akamkamata mkono getini.

"Vic, rudi ndani," Rodel alinong'ona. "Shangazi yako yupo dirishani."

"Aone."

"Lakini si unajua..."

"Najua. Unaenda wapi?"

"Kwa Mang Teroy, tunapiga leo. Halafu lazima nipitie mahali nijikung'ute mkosi wa msiba kabla ya kwenda nyumbani, au unataka nimfikishe bibi yako kwa mama yangu?"

Marivic alicheka. Tangu bibi afumbe macho hakuwa amecheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza, kwa sababu alitaka kingine. Akapanda nyuma ya pikipiki. Wakati wanaondoka, sauti ya Shangazi Meding ilipasua dirisha: "Mama Maria! Amemsindikiza! Jamani, mtoto amemsindikiza!"

Mvua ilikuwa inanyunya. Marivic alimkumbatia Rodel kiunoni, akalaza shavu mgongoni kwake. Kila lori lililowapita, alikaza mikono.

Baa ya Mang Teroy ilikuwa ukumbi mmoja mdogo chini ya ghorofa, kati ya duka la matairi na dobi. Wakijaa watu arobaini huwezi kuinua kiwiko, na usiku ule walikuwa mara mbili ya hao. Vijana wa muziki wa metali walijazana kwa fulana zao nyeusi zenye mafuvu na misalaba iliyopinduliwa, nywele mpaka kiunoni, jasho, moshi wa sigara, harufu ya nyama ya kichwa cha nguruwe ikichachatika kwenye vikaango na bia ikipita kwa ndoo. Bendi ya kwanza ilikuwa jukwaani. Mpiga ngoma alikanyaga kwa miguu miwili mpaka kifua cha Marivic kikawa kinatetemeka, na mwimbaji alinguruma kuhusu ardhi inayokula watoto wake. Kwa kawaida Marivic aliupenda muziki huo. Alipenda namna unavyofagia kila kitu kichwani. Leo ulifagia vyote, ukaacha lile neno la Shangazi Meding peke yake.

Rodel alimvuta pembeni ya ukuta, akamwinamia sikioni.

"Jumanne iko palepale?"

Ni hilo alilokuwa amelifuata matangani, na wote wawili walilijua. Walikuwa wamepanga kufunga ndoa Jumanne, ofisini kwa meya, bila shela wala keki, kabla meli haijamchukua. Hapo bibi alikuwa bado anakula uji. Sasa bibi amekufa, na ndoa inayofungwa ndani ya mwaka wa msiba watu wanaiogopa kuliko mafuriko ya mto. Husemwa kwamba bahati ya nyumba haigawanyiki, na kwamba mmoja wa maharusi hafikishi mwaka. Mama wa Marivic alikuwa amekosa sababu miaka minne. Kifo kilimletea sababu mpaka mlangoni.

Marivic alimtazama Rodel machoni. Yalikuwa macho ya kumsahaulisha mtu chakula, meusi, yenye kope ndefu kama za msichana.

"Iko palepale," alisema.

"Kweli?"

"Rodel, nimetoka na kandambili mbele ya shangazi zangu watano. Unataka nikuapie na nini tena?"

Alimbusu kwenye paji la uso, pole pole, katikati ya makelele yale. Kwa muda mfupi Marivic alikuwa na furaha kamili, hana anachodai kwa mtu.

"Shem!" Tikboy alitokea kwenye kundi akiwa na chupa mkononi. Huyu ndiye mwimbaji wa bendi ya Rodel, pande la mtu, fuvu limechorwa shingoni, na ndiye aliyekubali kusimama Jumanne kama shahidi wa bwana harusi. "Shem, pole sana na msiba. Nilikuwa nakuja kesho. Umechomoka saa ngapi huko?"

"Sasa hivi. Nimekuja na Rodel."

"Mmekutana njiani."

"Hapana, tumetoka wote. Nyumbani."

Tikboy alishusha chupa mezani taratibu sana. "Subiri, shem. Umetoka naye wapi?"

"Getini kwetu."

"Umemsindikiza?"

Marivic aliinamia kandambili zake. Tikboy alipiga ishara ya msalaba, na msalaba uliopinduliwa kwenye fulana yake ukawa unamtazama tu.

"We Tikboy, acha zako," Rodel alicheka. "Jana si umeimba unataka kulala kaburini na minyoo?"

"Kuimba ni kuimba! Ile sanaa, kaka. Hiki kifo." Alirudi nyuma hatua moja, akaona aibu, akarudi mbele nusu hatua. "Shem, sina ubaya. Nakupenda sana. Ila ungenipigia simu, ningemfuata mwenyewe. Kwa nini umtoe wewe?"

Habari ilizunguka baa ile bila mtu kupaza sauti. Marivic aliiona inavyotembea, kutoka mdomo mpaka sikio, ndoo ya bia hadi ndoo ya bia. Majitu yenye minyororo na mafuvu yakaanza kujisogeza. Msichana mmoja mwenye rangi nyeusi mdomoni alivuta kiti chake taratibu kana kwamba anatafuta mwanga. Katika ukumbi ambao watu walikuwa wanapumuliana shingoni, Rodel na Marivic walijikuta wana nafasi ya kunyoosha mikono. Hapo ndipo alipoanza kusikia baridi.

Aling Besing, mke wa mwenye baa, alitoka jikoni na beseni la maji ya moto yenye majani ya mpera, yale ya kuosha mkosi wa msiba. Alikuwa mama mnene mwenye huruma, anayewalisha vijana hawa wanapokuwa wamefulia, na Jumanne alikuwa awe mama msimamizi wa ndoa yao.

"Nawa, mwanangu," alimwambia Rodel. "Mikono, uso. Haidhuru kitu."

"Aling Besing, hata wewe!"

"Nawa nikwambie."

Rodel alimkonyeza Marivic kuonyesha kwamba anamfurahisha tu bibi mkubwa. Kisha akanawa. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Alinawa uso, akarudia, akapitisha maji nyuma ya masikio na shingoni, akayachota tena. Marivic alimwangalia, na lile tabasamu lilikuwa limeshamtoka mpenzi wake bila yeye mwenyewe kujua.

Aling Besing akajifuta mikono kwenye kanga yake ya kiunoni. "Na ile habari ya Jumanne, Marivic... magoti haya, mwanangu. Zile ngazi za ofisi ya meya siziwezi."

"Juzi ulizipanda kwenda kulipia leseni."

"Juzi bibi yako alikuwa hai." Alimshika shavu kwa kiganja chenye joto. "Mwaka ni nini? Mtu anapika, anafua, mwaka umekwisha. Mkioana siku hiyo, nitawachinjia nguruwe mimi mwenyewe."

Marivic alimgeukia Tikboy. Tikboy alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Na wewe?"

"Shem, nina mtoto mdogo mimi," alisema lile pande la mtu kwa sauti ya chini. "Usinielewe vibaya."

"Basi tutaokota mashahidi barabarani," Marivic alisema. Hasira ilimpanda, akaishukuru kwa sababu ilimpa joto. "Muuza mayai na muuza tiketi za bahati nasibu. Mafuvu yenu yavueni mkayalalie."

Rodel alicheka, lakini kicheko kilichelewa.

Simu ya Marivic ilitetemeka mfukoni. Mama. Aliingia jikoni, akaubana mlango kwa mgongo, akajiandaa kutukanwa. Alikuwa na majibu yote tayari, ameyatunza miaka minne.

"Marivic," mama alisema. Sauti ilikuwa ndogo, haina hata ukali. "Yuko salama?"

"Nani?"

"Huyo kijana. Rodel."

Mama yake alikuwa amemwita Rodel kwa jina. Angemwita mwizi, angemwita mbwa, Marivic angejua cha kufanya.

"Yuko salama, Mama. Anapiga gitaa."

"Mwambie asiendeshe pikipiki usiku huu. Mwambie ailaze hapo, alale kwa rafiki yake. Umenisikia? Mimi simpendi, unajua. Lakini sikumwombea hilo. Na yeye ana mama."

"Mama, usinitishe."

"Sikutishi. Tunasali rozari hapa, nimemtia na yeye ndani."

Simu ikakatika. Marivic alibaki amesimama kati ya masufuria, anasikia ukuta unavyotetemeka kwa ngoma. Ndani ya nyumba ya bibi yake, mbele ya jeneza, wanawake walikuwa wanamsalia Rodel kama wanavyomsalia marehemu. Akafanya azimio papo hapo: hatamwambia. Atachukua funguo za pikipiki tu, aseme kanyeshewa vya kutosha. Jumanne itafika, wataoana, na mwaka utapita na wote watajionea.

Alipotoka, bendi ya Rodel ilikuwa imepanda. Yeye alisimama kushoto, gitaa limening'inia chini, nywele zimemfunika uso. Watu walirudi mbele kwa kelele, wakaanza kutikisa vichwa na kugongana mabega, maana muziki mzuri humfanya mtu asahau, na Rodel alikuwa na mkono. Alipiga kwa kasi mpaka vidole havionekani. Kati ya nyimbo aliinua kichwa, akamtafuta Marivic, akampata. Macho yakagandana. Marivic aliweka mkono kifuani. Nilindie huyu, bibi, aliomba, bila kujua kama anaomba au anabembeleza. Mimi ndiye niliyekosa. Kama una hasira, zilete kwangu.

Wimbo wa tatu uzi wa gitaa ulikatika.

Nyuzi hukatika kila siku. Rodel mwenyewe alikuwa na pakiti yake kwenye mkoba. Lakini huu uliruka juu, ukamchapa chini ya jicho, na damu ikatiririka shavuni mpaka kidevuni, nyekundu sana kwenye ile taa nyeupe. Tikboy aliacha kunguruma katikati ya neno. Ngoma zikanyamaza. Ukumbi mzima, watu waliokuwa wanapiga kelele za mashetani dakika moja nyuma, ukawa kimya kiasi cha kusikia nyama inavyochachatika jikoni. Mtu mmoja nyuma alianza kusema Salamu Maria.

Rodel aligusa shavu, akatazama vidole vyake. Kisha akamtazama Marivic, na Marivic akajua kwamba ameshampoteza. Hakuwa amewahi kutazamwa hivyo na mtu anayempenda. Alitazamwa kama mlango ambao kitu kimeingilia.

Aling Besing alimsafisha jeraha jikoni. Lilikuwa dogo, hata kushonwa halikuhitaji. Alimbandika plasta, akawatazama wote wawili, akatoka akaufunga mlango nyuma yake.

"Uzi tu, Rodel," Marivic alisema.

"Najua ni uzi."

"Basi nitazame."

Alimtazama. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Mama yako amepiga simu kusema nini?"

"Hakuna kitu."

"Vic."

"Amesema usiendeshe pikipiki."

"Ameniita nani?"

Marivic alishindwa kudanganya. "Amekuita Rodel."

Rodel alikaa juu ya kreti la bia, akashika kichwa kwa mikono miwili. Alikaa hivyo mpaka Marivic akapiga magoti mbele yake, akaiweka mikono yake juu ya ile.

"Sikuwahi kukwambia kuhusu baba," Rodel alisema. "Nilikwambia alikufa kazini."

"Ulisema alianguka kwenye jengo."

"Alianguka. Alimuoa mama kabla mwaka wa babu haujaisha. Watu wote waliwakataza. Mama alikuwa na mimba yangu, wakaona aibu kusubiri. Mimi nimezaliwa ameshazikwa, Vic. Nimekua nikimwona mama akikaa dirishani anajiuliza kama ni yeye. Mpaka leo anajiuliza."

"Kwa nini hukuniambia? Miaka yote hii!"

"Nimevaa fuvu kifuani. Ningekwambiaje kwamba naogopa?" Alijaribu kutabasamu, plasta ikamvuta. "Nilidhani siogopi. Leo getini ulipokuja mbio, nilifurahi, haki ya Mungu nilifurahi. Halafu njiani, kila gari... Nilikuwa nakuhisi unavyonikaza, nikawa najiambia hata yeye anajua."

Marivic alitaka kusema kwamba alimkaza kwa mapenzi. Lakini haikuwa kweli yote, na Rodel angejua.

"Mimi pia naogopa," alisema. "Sasa je? Naogopa na bado nakutaka. Twende Jumanne tukiwa tunaogopa hivyohivyo, tusimame mbele ya meya tukitetemeka. Nani amesema watu huoana wakiwa majasiri? Nimewaacha wafiwa wangu, Rodel. Nimemwacha bibi yangu na shangazi zangu wanapiga mayowe. Siwezi kurudi nyuma kwa hilo. Jibu neno moja tu. Jumanne?"

Nje bendi nyingine ilikuwa imeanza. Sahani zilitetemeka kabatini. Rodel aliinua mkono, akampangusa machozi yaliyokuwa yanamtoka bila yeye kusikia, kwa upole uleule wa siku zote. Alimpenda. Hilo ndilo lililomuuma Marivic kuliko chochote, kwamba alimpenda na lilionekana wazi.

"Mwaka mmoja," alisema. "Nikirudi na meli. Mwaka ni nini, Vic?"

"Umesema kama Aling Besing."

"Nisubiri."

"Nikusubiri ili iweje? Mwakani atakufa mjomba. Mwaka wa pili shangazi. Kwetu tuko wengi, Rodel, na wengi ni wazee."

"Usiseme hivyo!" Aliruka kutoka kwenye kreti, akapiga ishara ya msalaba upesi, akagonga mbao za meza. Alipogundua alichofanya aliuficha mkono nyuma ya mgongo.

Marivic alisimama. Magoti yake yalikuwa yamelowa maji ya jikoni. Alimsogelea ambusu, Rodel akafumba macho, na mwili wake, bila ruhusa yake, ukarudi nyuma kidogo. Kidogo tu, kiasi cha upana wa kidole. Marivic alisimama pale mdomo ukiwa karibu na shavu lake, akaiona ile plasta, akasikia harufu ya majani ya mpera. Basi akashusha visigino alivyokuwa ameviinua.

"Pikipiki ilale hapa," alimwambia. "Safari njema ya meli."

Alipita katikati ya ukumbi, na ukumbi ukampisha. Hakuna aliyemgusa. Tikboy alikuwa analia waziwazi pembeni ya spika, analia na shingo yake yenye fuvu, wala hakuinua mkono kumuaga. Nje mvua ilikuwa imekolea. Marivic alisimama chini ya kibaraza cha duka la matairi, akatoa simu, akapiga nyumbani. Mama alipokea kabla haijalia vizuri.

"Vipi? Amepata nini? Sema upesi!"

"Hajapata kitu, Mama. Yuko salama." Sauti yake ilikuwa imara mpaka hapo. "Ameniacha, ndiyo maana yuko salama. Jumanne haipo tena. Mwambie Shangazi Meding anyamaze, waache kumsalia."

Alingoja asikie mama yake akimshukuru Mungu. Alikuwa na haki ya kushukuru, alikuwa ameomba hivyo miaka minne. Nyuma yake, kwenye simu, sauti za wanawake wa rozari zilikatika moja baada ya nyingine.

"Mshenzi mkubwa!" mama alisema, na sauti ikampasuka. "Mtoto wangu ametoka na kandambili kwa ajili yake!" Kisha mama, ambaye hakulia hata mbele ya jeneza, akaanza kulia kwenye simu kama mtu aliyefiwa upya.